Njaa Haimlazimishi Mungu

Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki leo, hasa yale yaliyojengwa juu ya huduma za maombezi na uponyaji, umeenea mtazamo kwamba kufunga ni silaha yenye nguvu yake yenyewe, na kwamba nguvu hiyo hupimwa kwa idadi ya siku na kwa ukali wa njaa. Kwa mtazamo huo, anayefunga siku 3 hupata kidogo, anayefunga siku 21 hupata zaidi, na anayefunga kavu, yaani bila chakula wala maji, huzigusa mbingu upesi kuliko wote. Milango ya kazi, ndoa, safari na biashara hufunguka kwa kadiri ya gharama ambayo mwili umelipa, na yule ambaye mlango wake haukufunguka huambiwa kwamba hakufunga vya kutosha. Nia ya mfungaji, yaani lile kusudi la moyoni linalomfanya aache chakula na kupiga magoti, huachwa nje ya hesabu kana kwamba ni jambo dogo ambalo bidii italifunika. Makala haya yanaupinga mtazamo huo. Yanadai kwamba katika imani ya Kikristo nia ndiyo inayoufanya mfungo kuwa mfungo na sala kuwa sala, na kwamba mfungo unaokusudiwa kumlazimisha Mungu, hata uwe mrefu kiasi gani, ni njaa tu iliyopewa jina la ibada.

Mtazamo unaopingwa haukuzuka bure, wala wanaoushika si watu wa kubezwa. Kijana aliyemaliza chuo na kukaa miaka bila ajira, mama aliyehangaika hospitali hadi hospitali na mtoto asiyepona, mchuuzi anayedaiwa kila upande, wote hao wanapoambiwa kwamba lipo jambo moja lililo ndani ya uwezo wao, lisilohitaji fedha wala mtu wa kuwashika mkono, wana kila sababu ya kulipokea kwa furaha. Tena wanaofundisha hivyo wamehifadhi jambo ambalo makanisa mengi ya zamani yameliacha lichakae, kwamba mwili nao huomba, na kwamba imani isiyomgharimu mtu chochote huzoeleka na kupoa. Kosa lao haliko katika kufunga sana. Liko katika kulihamisha tumaini kutoka kwa Mungu anayeombwa na kuliweka katika tendo la kuomba, na kosa hilo, kwa kuwa limevaa vazi la bidii, ni gumu kuonekana kuliko uvivu wa mtu asiyefunga kabisa.

Kama nguvu ya mfungo ingekuwa imo ndani ya mfungo wenyewe, kila mfungo uliotimiza masharti ya nje ungezaa baraka, lakini Biblia inaonyesha kinyume chake bila kuficha. Katika 1 Wafalme 21, Malkia Yezebeli, akitaka mumewe Ahabu alipate shamba la mizabibu la Nabothi, aliwaandikia wazee wa mji barua za kuwaagiza watangaze mfungo. Watu wakakusanyika, mashahidi wa uongo wakasimama, na Nabothi akapigwa mawe hadi kufa. Mfungo ule ulitangazwa na wenye mamlaka na ulikuwa na sura yote ya uchaji, ila kusudi lake lilikuwa dhuluma na mauaji. Katika Matendo ya Mitume 23, wanaume zaidi ya 40 walijifunga kwa kiapo kwamba hawatakula wala kunywa mpaka wawe wamemwua Paulo. Huo, kwa lugha ya leo, ulikuwa mfungo mkavu, na ukali wake haukuugeuza kuwa ibada. Naye Mfalme Sauli, katika 1 Samweli 14, aliliapisha jeshi lisionje chakula hadi jioni, akiwa na lengo la kujilipizia kisasi juu ya adui zake, na kilichofuata ni askari waliozimia kwa uchovu, ushindi uliopungua, na mwanawe Yonathani kuponea chupuchupu kuuawa kwa ajili ya asali kidogo aliyoionja bila kujua habari za kiapo. Mifano hiyo mitatu inatosha kuonyesha kwamba njaa haina thamani yoyote kabla haijaulizwa inatumikia nini.

Mafundisho ya Yesu katika Mathayo 6 yanalifikisha jambo hili karibu zaidi, kwa kuwa hayawahusu wauaji bali watu wa dini wenye mwenendo wa kusifika. Yesu anataja matendo matatu, kutoa sadaka, kusali na kufunga, na katika kila moja anarudia hoja ileile: lipo tendo jema, lipo kusudi la kuonwa na watu, na upo ujira ambao umekwisha kupokelewa. Hasemi kwamba sadaka ile haikumfikia maskini, wala kwamba mfungo ule haukuwa na njaa ya kweli. Anasema kwamba mtendaji alitafuta kitu fulani, amekipata, na hana dai lingine. Ndiyo maana anaagiza mlango wa chumba ufungwe, uso unawiwe na kichwa kipakwe mafuta, ili tendo libaki na shahidi mmoja tu. Agizo hilo linawahukumu waziwazi wanaotangaza katika mitandao ya kijamii kwamba wamefikisha siku ya 14 ya mfungo, lakini linamgusa pia anayefunga sirini, kwa sababu katika sura hiyohiyo Yesu anaonya dhidi ya kurundika maneno kwa kudhani kwamba wingi wake ndio utakaosikiwa, na sababu anayoitoa ni kwamba Baba anayajua mahitaji kabla hajaombwa. Mwenye kuongeza siku ili Mungu asiweze kukataa anafanya kwa njaa kile walichofanya wale kwa maneno.

Malalamiko ya leo kwamba watu wamefunga na Mungu hakutenda yamo tayari katika Isaya 58, na jibu lililotolewa pale halina hata neno moja kuhusu kuongeza siku. Watu walimwuliza Mungu kwa nini wamefunga naye haoni, nao walikuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa walikuwa wameinamisha vichwa na kulalia magunia na majivu kama ilivyopaswa. Nabii akawajibu kwamba siku yenyewe ya mfungo walifuata anasa zao, waliwagandamiza wafanyakazi wao, waligombana na kupigana ngumi. Kisha akawaeleza mfungo ambao Mungu ameuchagua, nao ni kuwafungua walioonewa, kugawana chakula na mwenye njaa, kumwingiza nyumbani asiye na makao na kumvika aliye uchi. Sura hii husomwa mara nyingi katika makongamano ya maombi kwa ajili ya ahadi zilizo mwishoni mwake, yaani nuru, afya na majibu ya haraka, huku masharti yaliyotangulia ahadi hizo yakirukwa. Mwajiri anayeingia katika mfungo wa mwezi mzima ilhali hajamlipa mshahara msichana wa kazi nyumbani kwake hahitaji siku ya ziada ya kufunga. Anahitaji kulipa mshahara.

Zekaria 7 inauliza swali hilohilo kwa ufupi zaidi. Katika mwaka wa 4 wa Mfalme Dario, wajumbe walikuja kuuliza kama waendelee kulia na kufunga katika mwezi wa 5, mwezi ambao Hekalu la Yerusalemu liliteketezwa, kama walivyokuwa wamefanya miaka mingi. Mungu, kwa kinywa cha nabii, akawauliza kama katika miaka ile 70 ya kufunga walikuwa wamemfungia yeye hasa. Miaka 70 ni mirefu kuliko mfungo wowote unaotangazwa leo, na bado swali pekee lililoulizwa juu yake lilihusu ni kwa ajili ya nani.

Wanaotetea mtazamo wa silaha huleta hoja za Maandiko, nazo zinastahili kujibiwa moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni Marko 9:29, ambapo Yesu, baada ya kumtoa pepo ambaye wanafunzi walishindwa kumtoa, anaeleza kwamba aina ile haitoki ila kwa kuomba, na matoleo kadhaa ya Biblia huongeza kufunga. Nakala mbili za kale za Kigiriki zinazotegemewa sana na wataalamu, zinazoitwa Sinaiticus na Vaticanus, zote za karne ya 4, hazina nyongeza hiyo ya kufunga mahali hapo, wala hazina mstari unaofanana nao katika Mathayo 17:21, na kwa sababu hiyo tafsiri nyingi za kisasa huyatia maneno hayo katika mabano au huyaacha. Hata mtu akiamua kuyapokea, habari yenyewe haisemi kwamba Yesu alienda kufunga kwanza ndipo akarudi kumponya kijana yule. Inasema kwamba aliwalaumu waliokuwapo kwa kukosa imani, akaamuru, na pepo akatoka.

Hoja ya pili ni Danieli 10, inayotajwa kuwa msingi wa mfungo wa siku 21. Danieli alikuwa katika maombolezo kwa majuma matatu kamili, akijinyima vyakula vitamu, nyama, divai na mafuta ya kujipaka, ambalo ni jambo la kiasi kuliko mifungo mikavu inayotangazwa kwa jina lake. Mjumbe aliyetumwa kwake alimweleza kwamba maneno yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza alipoukusudia moyo wake kufahamu na kujinyenyekeza mbele za Mungu. Siku 20 zilizobaki, kwa hiyo, hazikununua usikivu wa Mungu. Usikivu ulikuwapo kabla yake, nao ulifuata kusudi la moyo. Esta naye, katika sura ya 4 ya kitabu chake, aliomba Wayahudi wa Shushani wafunge siku 3 bila kula wala kunywa, lakini alifanya hivyo ili apate ujasiri wa kuingia kwa mfalme bila kuitwa na kuhatarisha maisha yake kwa ajili ya watu wake, naye alikubali kwamba huenda akaangamia. Mfungo wake ulimwandaa kutoa uhai wake, ilhali mfungo unaofundishwa leo mara nyingi humwandaa mtu kupokea.

Juu ya yote hayo yupo Daudi. Katika 2 Samweli 12, mtoto aliyezaliwa na Bathsheba alipougua, Daudi alifunga na kulala chini usiku kucha akimsihi Mungu, akakataa kuinuliwa na wazee wa nyumba yake, na siku ya 7 mtoto akafa. Hakuna msomaji wa haki anayeweza kusema kwamba hakufunga vya kutosha. Watumishi wake waliogopa kumpa habari, wakidhani atajidhuru, lakini alipozijua aliinuka, akaoga, akabadili mavazi, akaingia nyumbani mwa Bwana na kusujudu, ndipo akala. Kusujudu kule kabla ya kula ndiko kunakodhihirisha nia yake katika zile siku 7, kwa maana mtu aliyefunga ili kununua jibu, jibu likikataliwa, huondoka na kinyongo au hurudi kuongeza malipo, ilhali Daudi alikuwa amemwendea Mungu mwenyewe, na Mungu alikuwa bado yupo. Paulo vilevile, katika 2 Wakorintho 12, aliomba mara tatu aondolewe mwiba wa mwilini, akajibiwa kwamba neema yamtosha. Nadharia ya silaha haina nafasi ya watu wawili hawa, na nadharia ya sala isiyo na nafasi ya Daudi na Paulo haiwezi kuitwa ya Kikristo.

Hapo huzuka pingamizi lenye uzito, kwamba kusisitiza nia safi ni kuwanyima maskini haki ya kuomba mkate, kana kwamba mwenye shida hawezi kuwa na moyo mnyofu. Pingamizi hilo lingekuwa sahihi kama unyofu, yaani hali ya moyo isiyo na hila mbele za Mungu, ungemaanisha kutokuwa na haja. Haumaanishi hivyo. Hana, katika 1 Samweli 1, alikuwa mke asiye na mtoto, akichokozwa na mke mwenzake Penina mwaka baada ya mwaka, akilia na kuacha kula. Alienda kuimimina nafsi yake mbele za Bwana kwa midomo iliyotikisika bila sauti, hata kuhani Eli akamdhania amelewa. Haja yake ilikuwa wazi na ya kibinadamu kabisa, na hakuna mahali anapolaumiwa kwayo. Tena aliondoka pale, akala, na uso wake haukuwa na huzuni tena, ingawa mimba ilikuwa bado haijatungwa. Tofauti kati yake na mfungaji anayefanya biashara na Mungu ni kwamba Hana aliiweka haja yake mikononi mwa Mungu na kuiacha huko, ilhali mwenzake huishika haja yake kwa mkono mmoja na hesabu ya siku zake kwa mkono mwingine, akidai bei. Kuomba kazi, mchumba, uponyaji au ada ya mtoto si unajisi wa nia. Kudai kwamba Mungu amefungwa na mfungo wa mja wake ndiko kunakoinajisi.

Kanisa la karne za kwanza lilikuwa na kipimo cha nia ambacho wahubiri wa leo hukitaja kwa nadra. Kitabu kiitwacho Mchungaji wa Herma, kilichoandikwa Roma katika karne ya 2, kinamwagiza mfungaji ale mkate na maji tu siku ya mfungo, apige hesabu ya gharama ya chakula ambacho angekula, na fedha hiyo ampe mjane, yatima au mhitaji mwingine. Aristide wa Athene, aliyewatetea Wakristo mbele ya Kaisari katika karne hiyohiyo, alieleza kwamba palipokuwa na maskini kati yao na wao hawakuwa na akiba, walifunga siku mbili au tatu ili wapate cha kumpa. Kwa watu hao njaa ya mmoja ilikuwa shibe ya mwingine, na swali la nia lilikuwa na jibu linaloonekana. Hekima hiyo inaweza kutumika katika kila usharika na kila parokia leo: fedha iliyookolewa na mfungo iende wapi? Ikiwa inarudi mfukoni mwa mfungaji, au inaelekezwa kwa mtumishi kama mbegu ya kupanda ili ivunwe maradufu, basi mfungo huo una sura ya uwekezaji, na Aristide asingeutambua.

Watawa wa jangwa la Misri, ambao walifunga kuliko karibu Wakristo wote waliowafuata, ndio walioonya kwa ukali zaidi dhidi ya kuipima ibada kwa ukali wake. Yohane Kasiano, aliyekusanya mafundisho yao katika miaka ya 420, anamleta Abba Musa akieleza kwamba mifungo, mikesha na usomaji ni vyombo tu, na kwamba lengo ambalo vyombo hivyo hulitumikia ni usafi wa moyo. Katika mazungumzo ya pili ya mkusanyo huo, Kasiano anasimulia habari za mzee Heroni, aliyekaa jangwani miaka 50 kwa mfungo usiolegezwa hata siku ya Pasaka, akijitenga na ndugu zake ili asionekane amepunguza. Mwisho alimpokea Shetani kama malaika wa nuru, akajitupa kisimani akiamini kwamba kwa sifa za matendo yake hatadhurika, akafa. Sheria ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6, katika sura ya 49, ikamtaka mtawa anayetaka kuongeza kitu katika Kwaresima amweleze kwanza abati wake, kwa kuwa kinachofanywa bila ruhusa huhesabiwa kuwa majivuno. Kanisa Katoliki hadi leo, katika sheria yake ya mwaka 1983, linawafunga kwa wajibu wa kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu watu wazima kuanzia miaka 18 hadi kuanza kwa mwaka wao wa 60, likiwaacha huru watoto na wazee. Mapokeo yote hayo yanakubaliana kwamba ukali usio na busara ni hatari ya roho kabla ya kuwa hatari ya mwili.

Hatari ya mwili nayo imeonekana. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wengi wao wakihusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa ili kukutana na Yesu. Itakuwa dhuluma kuwaweka viongozi wote wanaotangaza mifungo katika kundi moja na waliohusika na maafa yale, kwa maana wengi wao wangeyapinga kwa nguvu zao zote. Lakini mafundisho yanayosema kwamba kadiri njaa inavyozidi ndivyo Mungu anavyokaribia hayana ndani yake mahali pa kusema basi, na waumini waliozoezwa kutouliza nia ya mfungo hawana neno la kumzuia anayewapeleka mbali. Katika mambo madogo ya kila siku madhara ni yaleyale kwa kipimo kingine: mgonjwa wa kisukari anayeacha chakula na dawa akiogopa kuitwa mwenye imani haba, na mfiwa anayebebeshwa, juu ya msiba wake, lawama kwamba mpendwa wake alikufa kwa sababu yeye alifungulia mapema. Marafiki wa Ayubu walimlaumu mteswa kwa namna hiyo, na Mungu akawakemea.

Linabaki pingamizi la mwisho, kwamba hakuna moyo usio na mchanganyiko, hivyo anayengoja nia safi hatasali wala kufunga kamwe. Ni kweli kwamba hakuna moyo wa namna hiyo. Augustino, askofu wa Hippo, akifafanua Mahubiri ya Mlimani, alionya kwamba majivuno yanaweza kujificha hata katika mavazi machafu ya toba, na huwa ya hatari zaidi huko kwa kuwa hudanganya kwa jina la kumtumikia Mungu. Ila hitimisho la kuacha kusali halifuati, kwa sababu unyofu ni kutouficha moyo mbele za Mungu, nao hauhitaji moyo uliokwisha kukamilika. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliosambaa kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 baada ya Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church kukutana Kampala mwaka 1929, uliita jambo hilo kutembea nuruni, kwa kufuata 1 Yohana 1: mtu alisimama mbele ya ndugu zake na kutaja kwa jina chuki, wizi au kiburi chake, kwa imani kwamba kilichofichuliwa kinaweza kuoshwa. Vivyo hivyo mfungaji anayegundua katikati ya mfungo kwamba anatamani sifa hapaswi kuuvunja. Anapaswa kuikiri tamaa hiyo katika sala ileile, na hapo mfungo unaanza kufanya kazi yake. Kwa sababu hiyohiyo wanakosea pia wanaosema kwamba Mungu hutazama moyo tu, hivyo kufunga hakuna maana, kwa maana Yesu katika Mathayo 6 na tena katika Mathayo 9 aliwazungumzia wanafunzi wake kama watu watakaofunga.

Kwa hiyo wachungaji, mapadri, wainjilisti na viongozi wa vikundi vya maombi wanao wajibu wa kubadili namna wanavyotangaza mifungo. Waache kuahidi malipo kwa kadiri ya siku. Wataje wazi kwamba wagonjwa, wajawazito, wanaonyonyesha na wanaotumia dawa hawapungukiwi kitu mbele za Mungu wakila. Waeleze chakula kilichookolewa kitamfikia nani. Na waache kabisa kumlaumu asiyejibiwa. Naye muumini, kabla ya kuingia katika mfungo wowote, ajiulize kama angeufunga hata kama hakuna atakayejua, kama yuko tayari kusujudu endapo jibu litakuwa hapana, na kama yupo mtu anayemdai haki yake. Mungu asikubaliwe kuwa mdaiwa wa mtu yeyote, kwa kuwa hakuna kiumbe aliyempa kitu akapata haki ya kulipwa, na Mungu anayeweza kulazimishwa kwa njaa asingestahili kuombwa.